Mwongozo kamili: Kumsaidia mtoto aipate maana ya ibada ya kimya ya Marafiki

Katika ibada ya kimya ya Marafiki, Wakristo ambao wengine wanatuita Quakers, tunakaa pamoja bila mahubiri yaliyopangwa, tukimsikiliza Mungu. Wazazi wanarudi na swali lile lile: "Mwanangu hawezi kukaa kimya hata dakika tano, nifanyeje?" Wengi wameshajaribu pipi, simu yenye katuni isiyo na sauti, jicho kali, na kumfinya chini kwa chini. Njia hizo zote zinamnyamazisha mtoto. Kumfanya aabudu ni jambo jingine.

Tunapokosea karibu wote ni hapa: tunamfundisha mtoto kunyamaza, tukitumaini kusikiliza kutakuja kwenyewe. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Mtoto akishajua anasikiliza nini na kwa nini, mdomo wake hautakusumbua sana.

Nimewalenga watoto wa miaka 4 hadi 12 wa Mwanza na mwambao wa Ziwa. Ibada nyingi za Marafiki hapa Afrika Mashariki zina kwaya, mchungaji na mahubiri, na kimya ni dakika chache tu. Kama yenu ni hivyo, hatua ni hizi hizi, ila mtaziweka kwa ufupi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Mkeka au jamvi. Mtoto ambaye miguu yake haifiki sakafuni ataining'iniza na kupiga mguu wa kiti mpaka mwisho. Mkalishe chini na nusu ya vurugu imekwisha.

Jiwe moja laini kwa kila mtoto, linaloenea kiganjani. Mwanza hatuna shida ya mawe. Liokote pakavu, lioshe kwa sabuni, lianike. Usimtume mtoto kuingia majini kulitafuta, maana kichocho kipo mwambaoni kwetu.

Kazi ya mikono isiyo na sauti. Kitambaa na uzi wa kufuma, penseli za rangi na karatasi, au kipande cha wavu wa zamani na uzi uliozungushwa kwenye kijiti. Kagua wavu kwanza kama hauna ndoana iliyonasa.

Saa ambayo wewe unaiona na mtoto haioni. Akiiona, ataiabudu hiyo.

Tumbo lililoshiba. Uji, au chai na kiporo cha jana, halafu choo. Usiite utovu wa adabu kitu ambacho ni njaa.

Kengele, filimbi na zawadi za "aliyetulia kuliko wote" ziache. Hizo za mwisho hasa. Ukishatangaza mshindi, wengine wote wamekuja kushindwa.

## Hatua ya 1: Mtoe kwenye kimya cha darasani

Mtoto wa shule ya msingi anakijua kimya vizuri sana. Mwalimu ametoka, kiranja amesimama mbele na kipande cha karatasi, anaandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu akirudi, karatasi inasomwa. Mtoto huyu ukimwambia "Jumapili tutakaa kimya", mwili wake unajiandaa kwa karatasi ile. Anabana mdomo, anakaza mabega, anaangalia nani ataponzwa kabla yake. Mungu hayumo katika hesabu hiyo.

Kwa hiyo wiki moja kabla, usitumie kimya kama adhabu nyumbani. Kama wanagombana, watenganishe, wape kazi, wasikilize, lakini usiseme "nyamazeni, sitaki kusikia sauti". Najua si rahisi ukiwa na watoto watatu na jiko la mkaa.

Kisha mwambie wazi, kwa maneno kama haya: "Mwanangu, kule hakuna anayeandika majina. Ukikohoa, sawa. Ukitaka kwenda chooni, niguse mkono, tutatoka. Tunakaa pamoja kumsikiliza Mungu, na Mungu anaongea hata na watoto."

Na ile methali ya kimya kingi chenye mshindo mkuu, ambayo wazee wetu wanaipenda sana kwa shughuli hii, iweke pembeni kwanza. Mtoto anaisikia kama onyo.

*Utajua imefanikiwa:* ataanza kuuliza maswali ya ajabu. "Na mtu akijamba?" Mjibu kama ulivyoulizwa: tutacheka kidogo, halafu tutarudi. Mtoto anayeuliza hivyo ameacha kuogopa.

## Hatua ya 2: Zoezeni masikio nyumbani

Jioni baada ya kula, kaeni kibarazani. Dakika mbili tu. Kila mmoja asikilize sauti za aina tatu: iliyo mbali, iliyo karibu, na iliyo ndani yake mwenyewe. Dakika zikiisha, kila mtu ataje alichosikia, mdogo akitangulia.

Kirumba utapata injini ya mtumbwi unaotoka Mwaloni. Igoma ni malori. Ukerewe ni mawimbi na mbwa wa jirani. Hizo ni rahisi. Kazi iko kwenye ile ya tatu. Mwanzoni mtoto atakwambia tumbo limenguruma. Pokea. Siku nyingine atasema amesikia pumzi yake, na baadaye kidogo, "nilikuwa namfikiria Babu". Hapo ameshaingia mahali ambapo ibada yetu hufanyikia, na hujamhubiria neno.

Kwa nini mbili tu? Kwa sababu zoezi lazima liishe akiwa bado analitaka. Ongeza dakika pale anapouliza "imeisha tayari?" na si vinginevyo. Umeme ukikatika ndiyo nafasi nzuri kupita zote, televisheni ya jirani nayo imezima. Tumia.

*Tahadhari:* usirekebishe. Akisema amesikia malaika, usimwambie ni popo.

*Utajua imefanikiwa:* ametaja sauti ambayo wewe ilikupita.

## Hatua ya 3: Mpe kitu cha kuingia nacho

Mtu mzima anaweza kukaa na kumngoja Mungu mikono mitupu. Mtoto anahitaji kushika kitu, na hadithi fupi iliyosimuliwa Jumamosi usiku inatosha. Isimulie kwa mdomo, usiisome. Nazitumia hizi zaidi:

Samweli mdogo aliyeitwa usiku, akadhani ni mzee Eli. Imo katika 1 Samweli 3. Watoto wanaipenda kwa sababu mtoto ndiye aliyeisikia sauti, mzee hakuisikia. Na inawaachia sala fupi ya kwenda nayo: "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia."

Eliya mlimani, 1 Wafalme 19. Upepo, tetemeko, moto, na Bwana hayumo katika vyote hivyo. Kisha sauti ndogo ya utulivu. Hapa waache wapige kelele zote. Upepo waufanye kwa midomo, tetemeko kwa miguu. Ukifika kwenye sauti ndogo, shusha yako mpaka wainame kukusikia.

Yesu ndani ya chombo, Marko 4. "Nyamaza, utulie," na kukawa shwari kuu. Watoto wa hapa hawahitaji kuelezwa dhoruba ya ziwani ni nini.

Hii ya mwisho ina tahadhari nzito. Kuna nyumba mwambaoni ambazo ziwa halikutulia. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na wavuvi wanapotea bila kutajwa redioni. Mtoto aliyepoteza mtu majini atauliza kwa nini Yesu hakuamka siku ile. Kama unajua hali ya nyumba hiyo, chagua Samweli. Kama swali limeshatoka, usilijibu kwa haraka ya kumfariji. Kaa naye. Unaweza kumwambia, "Hata mimi namuuliza Mungu hilo." Swali kama hilo linafaa kuingia nalo kwenye kimya kuliko majibu mengi tunayowabebesha.

Baada ya hadithi, uliza kwa kuanza na neno "najiuliza". "Najiuliza Samweli alijuaje si ndoto." "Najiuliza sauti ndogo inafananaje." Usijibu. Watoto wetu wamezoea kwamba mkubwa akiuliza, jibu analo mfukoni na anawapima. Watakutazama usoni kulitafuta. Tazama jiwe lako.

Kwa wakubwa, kuanzia miaka 9 hivi, ipo hadithi ya kweli ya Bristol, Uingereza, mwaka 1682. Ibada za Marafiki zilipigwa marufuku, watu wazima wakafungwa gerezani, na watoto wao wakaendelea kukutana na kuketi kuabudu wenyewe, ingawa walipigwa na kutishwa. Isimulie bila kuongeza "je, nyie mngeweza?" Wanajiuliza tayari.

*Utajua imefanikiwa:* katikati ya wiki, akiwa anaosha vyombo, anakuuliza kitu kuhusu Eli.

## Hatua ya 4: Jumapili, kuingia na kukaa

Usimwanzishie saa nzima. Katika ibada nyingi za kimya, watoto wanakaa na wakubwa robo saa ya kwanza au ya mwisho, na muda uliobaki wako na mlezi wao kwenye shughuli nyingine. Kwa walio chini ya miaka 7 naona heri ya mwisho: wanaingia chumba ambacho kimya kimeshakolea, na hakiwategemei wao kukijenga. Wakubwa kidogo waanze na watu wote, waone jinsi chumba kinavyotulia polepole, viti vikiacha kulia kimoja kimoja.

Wavue viatu nje. Waingie mmoja mmoja, kila mmoja na jiwe lake, wakae mkekani katikati ya duara wanapoona nyuso. Mtoto aliyewekwa nyuma ya migongo ya watu wazima anaona mashati tu, na mashati hayaabudu.

Kama anahitaji mtu wa kuegemea, akae kati yako na mtu mzima mwingine anayempenda, bibi au shangazi wa kikundi. Ukimweka kati ya baba na mama peke yao, mnamlinda kama mfungwa.

Mwambie mapema kwamba macho yanaweza kuwa wazi. Kufumba macho kwa lazima kunawafanya wachungulie, na kuchungulia kunaleta kicheko. Alishike jiwe mpaka lipate joto la mkono wake. Likishapata joto, aseme moyoni ile sala ya Samweli mara moja, kisha angoje. Akichoka kungoja, achukue penseli au wavu wake.

Kuna watu wazima watakaosema kushona wavu si kuabudu. Mwombe mmoja wao amtazame mtoto wa miaka 10 akifunga fundo: anapitisha uzi, anaubana kwa kidole gumba, anavuta, anapima tundu kwa kidole, anahamia jingine. Mikono imepata pa kukaa na kichwa kimeachwa huru. Wavuvi wanalijua hili. Muulize yeyote anayerekebisha nyavu asubuhi alikuwa anawaza nini.

Na wewe? Zima simu, usiiweke kwenye mtetemo. Halafu fumba macho au tazama chini, na uabudu kweli. Hili ndilo gumu kuliko yote kwenye mwongozo huu. Mzazi anayemchunga mtoto robo saa nzima hajasali, na mtoto naye hakusali, alikuwa anakuchunga wewe. Amua moyoni kwamba mguu ukitikisika hutautazama.

*Utajua imefanikiwa:* si kwamba hakusogea. Atasogea. Ni kwamba ametulia, akavurugika, akatulia tena bila wewe kumgusa.

## Hatua ya 5: Kelele za nje

Jumapili saa nne asubuhi Mwanza si jangwani. Kanisa la jirani wamefungulia spika. Bodaboda wanapandisha mlima. Muuzaji anapita na kipaza sauti kilichorekodiwa maneno yale yale. Wazazi wengi wanakata tamaa hapa, wakidhani ibada ya kimya ni ya watu wenye majengo mazito ya mawe huko Uingereza.

Usipigane na sauti. Mfundishe mtoto kuipa kila sauti sala fupi, kisha aiachie ipite. Bodaboda: "afike salama." Mtoto mchanga analia nyumba ya pili: "apate titi." Kipaza sauti: "auze." Kwaya ya jirani: "wao wanakuimbia, sisi tunakusikiliza." Watoto wanalishika hili haraka kuliko sisi, tena wanatunga zao. Nimeshasikia mtoto akiwaombea korongo waliokuwa wanatembea juu ya bati, kwamba wapate utumbo wa samaki wa kutosha. Mtu mzima mmoja alitoka nje kucheka.

Mvua ikipiga bati, basi. Hakuna atakayesikia kitu. Iacheni ndiyo iwe ibada; mvua kubwa huwatuliza watoto bila msaada wetu.

## Hatua ya 6: Mtu akisimama kusema

Katika kimya cha Marafiki hakuna aliyepangwa kuhubiri. Anayesukumwa na Roho anasimama, anasema kwa ufupi, anakaa, na kimya kinafuata ili maneno yazame. Mweleze mtoto mapema, la sivyo atashtuka na kuuliza kwa sauti "kwani imeisha?"

Mweleze pia kwamba yeye naye anaweza. Tunaamini kuna kitu cha Mungu ndani ya kila mtu, na hakuna umri wa kuanzia. Lakini usimsukume, na kamwe usimwandikie maneno nyumbani. Mtoto anayesimama na kukariri mstari huku mama anatikisa kichwa kwa furaha anafanya onyesho.

Ikitokea amesema kitu, hata kama ni kuhusu kuku wao aliyekufa, watu wazima wakipokee kama neno lolote: bila makofi, bila "amina" ya kumbembeleza, bila kucheka. Kimya cha dakika kadhaa kifuate. Baadaye asisifiwe kwa kuongea vizuri. Aambiwe na mmoja au wawili, "Nimeendelea kumfikiria yule kuku wako," kama ni kweli.

## Hatua ya 7: Mikono, na baada ya hapo

Ibada inaisha mzee aliyekabidhiwa anapompa jirani yake mkono, na wote wanapeana. Hakikisha mtoto anapewa mkono na watu wazima, kwa uzito ule ule wanaopeana wao. Baada ya hapo ndipo azunguke na shikamoo zake. Wote wawe wanamjua kwa jina. Mtoto anayeitikiwa marahaba bila jina ni mgeni.

Njiani kurudi, usimuulize "umejifunza nini leo?" Atakujibu la mwalimu: "upendo". Anza na lako: "Leo nilishindwa kutulia, nilikuwa nawaza ada." Kisha nyamaza. Akitaka, atakupa lake. Asipotaka, nunueni mihogo, mwendelee.

## Yanayokwama mara kwa mara

Analala. Mwache. Asipokoroma.

Wawili wanachekeshana. Usiwatenganishe kwa hasira mbele ya watu. Mtu mzima mmoja ahame kimya kimya akakae mkekani kati yao. Kicheko kikizidi, atoke nao nje, wacheke kiishe, warudi.

Anakataa kabisa kwenda. Usimburute. Rudi hatua ya 2 nyumbani, na Jumapili aje kwenye shughuli za watoto peke yake kwa muda. Mara nyingi kuna jambo: alikaripiwa na mtu, au kuna mtu mzima pale anamwogopa. Chunguza hilo la pili kwa makini.

Kimya kimemtoa machozi, au baadaye anakwambia jambo zito. Hutokea, kwa sababu mtoto mwenye siku zilizojaa kelele hapati nafasi ya kuliona lililomo ndani yake. Kama ni msiba, kaa naye. Kama anaeleza kuumizwa au kuguswa vibaya, msikilize bila kumhoji sana, usimwahidi kwamba itabaki siri yenu, na usilipeleke kwa wazee wa ibada likamalizwe kifamilia. Piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kila anayekaa na watoto wa kikundi azijue njia hizi mbili kabla ya Jumapili ya kwanza, na watu wazima wawe wawili wakati wote.

Amefika miaka 11 au 12 na mkeka umeshakuwa wa kitoto. Usimlazimishe jiwe. Mpe kazi: kupokea watu mlangoni, kupanga viti, kutunza ile saa ambayo wadogo hawaioni, au kuwa yeye atakayeanza kupeana mikono mwezi huu. Mwombe pia amfundishe mdogo mmoja zoezi la sauti tatu, na usikae karibu kusikiliza kama amelifundisha sawasawa.